Baba amepooza Kibosho, na kazi yangu iko chini ya bahari Tanga

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mzaliwa wa Kibosho, kitinda mimba na msichana pekee kati ya watoto watatu. Ni mtafiti wa ikolojia ya bahari. Najua mtu wa Kibosho na bahari ni vitu visivyozoeleka kukaa pamoja. Mimi mwenyewe bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 19, tulipopelekwa Kunduchi katika wiki zetu za kwanza za chuo. Mwalimu alitugawia miwani ya kuzamia, akatuambia tuinamishe nyuso majini. Niliinamisha. Tangu siku hiyo sijawahi kutamani kazi nyingine.

Tangu 2014 nafuatilia miamba ya matumbawe nje ya Tanga. Kila mwaka narudi mahali palepale. Natandaza utepe wa kupimia chini ya maji, napiga picha, naandika kwenye ubao wa plastiki tumbawe lipi ni hai, lipi limekufa, wapi pameota jipya, pono wangapi wamepita, mwani umefunika kiasi gani. Nyumbani wanadhani matumbawe ni mawe. Ni wanyama, Shangazi. Wengi wao mmoja mmoja hawazidi punje ya mchele, lakini wanakaa maelfu kwa maelfu na kujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, na huo ndio unaowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula chao. Maji yakizidi joto la kilele cha msimu kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, mwani ule unatolewa nje na tumbawe linabaki jeupe, lina njaa. Maji yakipoa mapema linapona. Yakichelewa, linakufa.

Mwaka 1998 bahari yetu ilichemka namna hiyo, na ipo miamba Afrika Mashariki iliyopoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake kwa msimu mmoja. Mwaka 2016 joto lilirudi, na hilo nililiona kwa macho yangu. Aprili 2024 ikatangazwa kwamba dunia imeingia katika upaukaji mkubwa wa nne wa matumbawe.

Kuna tumbawe moja nililolipa namba 17. Ni la mviringo, kubwa kama tangi la maji la lita 1,000. Aina hiyo hukua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo huenda lilianza maisha kabla reli ya Tanga haijafika Moshi. Mei 2024 nilishuka nikalikuta jeupe lote, jeupe la kung'aa. Niliporudi Septemba upande wa juu ulikuwa umekufa na kuota mwani, lakini ubavu unaotazama mkondo wa kina, lile bonde refu chini ya bahari, ulikuwa umerudisha rangi yake ya kahawia. Nililia ndani ya miwani. Miwani ikijaa machozi huoni cha kuandika, ikabidi nipande juu kwenye mashua, na nahodha akanyamaza kimya, hakuniuliza kitu.

Eneo hili lina umuhimu wake. Mwaka 2020 Tim McClanahan, mtafiti aliyefanya kazi pwani ya Kenya miaka mingi, alichapisha utafiti kwamba ukanda wa kuanzia Shimoni hadi Dar es Salaam ni kimbilio la matumbawe, kwa sababu maji ya baridi hupanda kutoka kwenye mikondo ya kina iliyo karibu na miamba. Mikondo hiyo ilichongwa kwa maelfu ya miaka na maji yaliyotiririka kutoka Kilimanjaro, enzi za barafu kubwa, na kutoka Usambara. Sasa ili tujue kama kimbilio hilo bado linafaa, lazima mtu awe anapima, mahali palepale, kwa njia ileile, mwaka hadi mwaka. Ukiruka miaka miwili, hujui tena nini kilikufa lini na kwa sababu gani.

Tatizo langu ni hili. Oktoba mwaka jana baba alipata kiharusi. Ana miaka 74. Yuko nyumbani na mama, na mama naye magoti yamechoka. Kliniki anahudhuria hospitali ya KCMC, Moshi.

Kaka zangu wako Dar es Salaam na Mwanza, wana wake na watoto. Krismasi tulikaa kikao. Kaka mkubwa akasema mbele ya wote: "Wewe huna mume, huna mtoto, unahesabu mawe. Rudi umtunze mzee." Mama alilia. Mimi sikujibu, nikatoka nje.

Wiki tatu zilizopita nimepata nafasi katika kampuni ya utalii Arusha, afisa mazingira, mshahara karibu mara mbili ya ninaoupata, mkataba wa kudumu. Kutoka Arusha naweza kufika Kibosho kila Jumamosi. Hapa Tanga nalipwa na mradi, mradi unaisha Desemba, na mfadhili hajasema kama ataendelea. Tena nimekubaliwa kuanza shahada ya uzamivu, lakini ada sina. Kampuni inataka jibu mwisho wa mwezi huu.

Nikiondoka, vipimo vya tangu 2014 vinakatika, maana anayeijua ile miamba ni mimi. Nikibaki, mimi ni mtoto aliyemwacha baba yake kwa ajili ya mawe. Tena jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi lilisema mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka joto kwa nyuzi 1.5, matumbawe ya dunia yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na zikifika nyuzi 2, yatapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Usiku najiuliza kama naacha wazazi ili nikahesabu kitu kinachokwisha. Shangazi, je, mimi ni mbinafsi?

Binti wa Kibosho, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole zangu kabla ya salamu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi nimezaliwa Ngamiani, hapo hapo Tanga, nikaolewa Moshi, na sasa nina miaka mingi zaidi ya mlima kuliko ya bahari. Babu yangu alikuwa na tanuri la chokaa. Tulichoma matumbawe kama watu wanavyochoma mkaa, na hakuna aliyetuambia kwamba ni kiumbe. Nikiwa shule ya msingi tulikuwa tukisikia mshindo kutoka baharini, tunaangaliana, tunajua wavuvi wa baruti wamepiga na jioni samaki watakuwa rahisi sokoni. Kwa hiyo siwezi kumlaumu kaka yako kwa neno "mawe". Nami nililitumia. Lakini tangu nisome kuhusu namba 17 nimekuwa nikiyawaza yale matanuri ya babu, na sikulala vizuri.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza ili lisikusumbue: hapana. Mtu mbinafsi haandiki barua ndefu namna hii akitafuta njia ya kuwabeba wote.

Sasa sikiliza neno litakalokuuma kidogo.

Umenieleza upande wa tumbawe uliokufa na ubavu uliobaki hai. Umenieleza ukubwa wake, umri wake, mwezi liliopauka na mwezi liliporudisha rangi. Kuhusu baba umeandika mistari miwili. Sijui kiharusi kimempiga upande gani. Sijui kama anaongea, kama anashika kijiko, kama anatoka hadi kwenye migomba au ameishia kitandani. Mwanangu, wewe kazi yako yote ni kumtazama kiumbe anayeumia bila kugeuza uso, na unaifanya vizuri kuliko wengi wetu. Nadhani kwa baba umeogopa kutazama. Sikulaumu. Wengi tunaogopa hivyo kwa wale waliotubeba mabegani. Lakini usifanye uamuzi wa maisha yako kabla hujamtazama.

Tena kuna mtu mmoja ambaye katika barua nzima hajasema neno. Kaka amesema, mama amelia, wewe umetoka nje. Mzee mwenyewe anataka nini? Nani amemuuliza? Mnagawana mzee kama mnavyogawana gharama za msiba, na yeye yu hai, yuko chumba cha pili anasikia.

Nikuambie jambo langu. Mama mkwe wangu alivunjika nyonga, nikamtunza miaka sita hapa Moshi. Niliacha kazi niliyoipenda, kwa sababu kikao cha ukoo kilikuwa kimeshaamua kabla mimi sijavuta kiti. Nilimwogesha, nilimpikia mtori, nilimgeuza ubavu usiku na mchana. Mwaka wa nne akaniambia kwa sauti ya chini, "Unanihudumia vizuri, lakini huongei na mimi." Ilikuwa kweli. Nilikuwa na hasira miaka minne, na hasira ile ilikuwa inamfikia kupitia mikono yangu. Miaka miwili ya mwisho tuliongea sana, akanifundisha Kichaga changu chote. Lakini ile minne haikurudi. Ndiyo maana nakusihi usirudi Kibosho kwa sababu umeshindwa hoja kwenye kikao. Ukirudi, urudi ukiwa umechagua, na baba ajue umechagua.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni nauli ya basi. Usingoje Pasaka. Panda basi la asubuhi, mchana uko Moshi. Kaa siku nne, na kompyuta iache Tanga. Nenda naye kliniki wewe mwenyewe, muulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni zoezi gani, mara ngapi kwa siku, na nani nyumbani anayeweza kulifanya. Miezi ya kwanza baada ya kiharusi ndiyo mwili unapojifunza upya kwa kasi kubwa, na Oktoba si mbali sana. Bado kuna kazi inayoweza kufanyika. Angalia kama dawa za presha anameza kila siku au anameza akijisikia vibaya tu, maana kiharusi cha pili huwa kinaingilia mlango huo. Haya yote wewe utayaona haraka kuliko kaka zako. Una jicho la kupima.

Sasa kaka zako. Kutokuwa na mume maana yake ni kwamba huna mume. Haina maana kwamba una saa 24 za ziada zinazosubiri kugawiwa na wengine. Mimi ni mgeni niliyekaribishwa katika mila za huku, lakini nimekaa vya kutosha kujua kwamba kwa desturi ya Wachaga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi kwenye kihamba, lile shamba la ukoo, na ndiye anayetazamiwa kuwatunza uzeeni. Kaka yako wa Mwanza, mdogo wa wale wawili, anaijua desturi hiyo vizuri kuliko mimi. Siku ya kugawana kihamba haitakumbukwa kwamba uliacha bahari. Sisemi uwatupie maneno hayo mezani kwa hasira. Nasema uyajue ukiwa umeketi, ili usije ukadhani deni lote ni lako.

Itisha kikao wewe, safari hii, hata kama ni kwa simu, na baba awepo. Peleka mahitaji yaliyoandikwa: msaidizi wa kulala pale nyumbani analipwa kiasi gani, dawa kwa mwezi kiasi gani, gari la kwenda kliniki kiasi gani, nani anatoa nini. Kila mmoja wenu achukue likizo yake kwa zamu na kuja kukaa na mzee, mwanamume kwa mwanamke. Kuna mambo baba wa Kichaga angependa kuogeshwa na mwanawe wa kiume, na hatamtamkia binti yake kamwe.

Halafu kuna jambo ambalo wewe unalijua kuliko mimi, lakini nadhani uchungu umekufumba. Bahari yenyewe ina majira. Sisi wa Tanga tulikuwa tukijua miezi ya kwenda miambani na miezi ya kushona nyavu. Kaskazi ikivuma maji yanatulia na kuwa maangavu, na joto linapanda. Hapo ndipo unapohitajika majini, hadi Aprili na Mei kuona kilichopauka. Kusi ikishika, Juni, Julai, Agosti, mawimbi yanakuwa makubwa, maji yanachafuka, na mzamiaji mwenye akili anakaa pwani. Miezi hiyo unafanya nini? Nadhani unakaa ofisini ukipitia picha moja moja na kuandika. Picha hazijui kama meza iko Tanga au iko Kibosho chini ya mparachichi. Omba mradi wako miezi mitatu ya kufanyia uchambuzi nyumbani. Wakikataa, umejua. Wakikubali, baba amepata robo ya mwaka yako, mwaka hadi mwaka, na hakuna kaka anayempa hata nusu ya hiyo.

Sasa nije kwenye sentensi iliyonitia wasiwasi kuliko zote: "anayeijua ile miamba ni mimi." Umeiandika kwa uchungu, nami nakuelewa, lakini hapo kuna kasoro ya kazi, tena ni ya kwako kurekebisha. Ukiugua malaria Machi hii, nani anashuka? Ukiolewa Mtwara? Vipimo vya zaidi ya miaka kumi vinavyoning'inia kwenye pumzi ya mtu mmoja haviko salama, hata mtu huyo akiwa hodari namna gani. Pale ulipo kuna vijana wa kikundi cha kijiji cha kusimamia bahari. Kuna kina mama wanaochokoa pweza maji yakipwa, wanaojua kila shimo la mwamba kwa jina. Kuna wanafunzi wa chuo wanaotafuta pa kufanyia mafunzo. Chagua watatu. Washushe nawe msimu huu, waonyeshe kigingi kiko wapi, utepe unaanzia wapi, namba 17 unaipigaje picha. Andika utaratibu wote kwa Kiswahili, kurasa chache, nahodha naye apewe nakala. Kisha picha zako zote na takwimu zako uziweke mahali pengine pawili zaidi ya kompyuta yako: Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko hapo Zanzibar, TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ipo kwa ajili ya uvuvi wetu, na CORDIO ya Mombasa, shirika la utafiti wa matumbawe, ilianzishwa mwaka 1999 kwa sababu ya lile joto la 1998 unalolieleza. Hao hawatakushangaa.

Ukimaliza hilo utaona kwamba nusu ya mzigo unaodhani ni wa kuchagua kati ya baba na bahari umepungua. Aliyekuwa hawezi kuondoka hata wiki mbili ataweza kuondoka miezi mitatu.

Kazi ya Arusha siidharau. Mshahara wa kudumu ni dawa za baba, na watafiti wa nchi hii wengi wanaishi mkataba kwa mkataba, wakihesabu miezi kama wapangaji. Lakini hiyo kazi imekuja wakati umechoka, na naona unaitazama kama adhabu unayojipa. Ningekuwa wewe ningewaandikia kwa adabu kwamba naomba hadi mwisho wa mwezi ujao, kwa kuwa nina mgonjwa. Mwajiri anayekunyima wiki nne za mgonjwa amekuonyesha mapema utakavyoishi kwake. Na wakikubali, wiki hizo uzitumie kwa baba, kwa kikao, na kwa maombi mawili ya fedha. Moja liende WIOMSA, ile jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi ya Bahari ya Hindi iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao Zanzibar. Wanatoa ruzuku za utafiti kwa watu wa ukanda huu, na mtu mwenye vipimo vya tangu 2014 si mwombaji wa kawaida. La pili liende kwa chuo kilichokukubali, uulize waziwazi kuhusu ada. Uzamivu ni neno lililotoka kwenye kuzama, mwanangu. Sijui nani anastahili shahada hiyo kuliko aliyezama kweli.

Na kama baba akisema anakuhitaji karibu? Basi njoo, na uje bila kujiita msaliti. Nimekaa hapa Moshi miaka yote hii nikiyatazama maji yakishuka. Karanga na Weruweru zinaingia Kikuletwa, Themi ya Arusha nayo inaingia humo humo, Kikuletwa inakutana na Ruvu penye bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani hadi baharini. Udongo unaomomoka kwenye mashamba yetu unaelekea kule, na mbolea, na taka za gereji. Maji tunayoyachota kupita kiasi huku juu ndiyo yanayopungua mdomoni mwa mto, ndiyo maana chumvi imekuwa ikipanda mtoni na kuwasumbua wakulima wa Pangani. Ofisi ya Bonde la Pangani iko hapa hapa Moshi. Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia iko Tengeru, Arusha. Mtu anayejua nini kinatokea kwa tumbawe maji ya mto yakija na tope, sisi huku hatuna, na tungemhitaji sana. Ingekuwa kazi nyingine, haingekuwa ileile, na ungeikosa bahari kila siku. Hilo nakwambia kwa sababu mimi naikosa hadi leo, harufu yake hasa. Lakini isingekuwa kuacha.

Kuhusu ile asilimia 99 sina la kukupoza. Ni kweli, na wewe unaijua kuliko mimi. Ninachoweza kusema ni kwamba ule ubavu wa namba 17 uliorudisha rangi usingejulikana na mtu yeyote duniani kama usingerudi Septemba. Umesema ulilia na nahodha akanyamaza. Rudi kwa nahodha huyo, muombe akusimulie mwamba ule ulivyokuwa baba yake alipokuwa akivua. Umekuwa ukiomboleza peke yako, na watu wa pwani wamekuwa wakiomboleza samaki wao muda mrefu kabla yako. Kilio cha wengi si kilio cha mmoja.

Jambo la mwisho. Kabla hujapanda basi, chukua picha za namba 17, moja ya kila mwaka tangu 2014, uzichapishe kwenye karatasi kubwa, maana macho ya mzee hayawezi kioo cha simu. Zipange kitandani kwake kwa mfuatano. Mwambie ni mnyama, mwambie umri wake. Halafu mweleze ile habari ya mikondo uliyoniandikia haraka haraka kana kwamba ni kitu kidogo. Baba yako ni mtu wa Kibosho, amekua akichimbua na kuzibua mfongo, ule mfereji wa maji ya mlimani, akilala nje zamu ya maji ikifika usiku. Mwambie kwamba maji ya mlima wake yalichonga mfongo mmoja mkubwa chini ya bahari, na kwamba baridi inayopanda kutoka humo ndiyo inayoyakinga matumbawe ya Tanga, na kwamba mwanawe amekuwa akiulinda miaka yote hii. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumweleza kazi yako kwa lugha anayoijua.

Ukishamweleza, muulize anataka nini. Kama ulimi umekuwa mzito, mpe mkono aubonyeze. Mngoje ajibu, hata kama itachukua mchana mzima.

Shangazi, Moshi